Spika Kubwa Katika Chumba Kidogo

Mpwa wangu mmoja, ambaye mchana ni mfanyakazi wa kiwanda na usiku ni fundi wa kurekodi nyimbo chumbani kwake huko Buguruni, alinijia Jumamosi moja jioni akiwa na uso wa mtu aliyefiwa. Tuliamkiana, akanywa kikombe cha kwanza cha chai bila ya kusema neno, kisha akatoa simu mfukoni akanisikilizisha wimbo wa harusi. Ulikuwa umeimbwa na vijana wa mtaani kwake, na sauti zao zilikuwa nzuri. Lakini ngoma zililia kama mtu anayegonga kopo, na gitaa la besi sikulisikia kabisa.

“Mjomba,” alisema, “chumbani kwangu wimbo huu ni mzito kama tui la kwanza. Ukipigwa kwenye daladala ni tui la tatu.”

Wenye harusi walikuwa wameukataa. Walikwisha kutoa nusu ya malipo, wakasema nusu ya pili hawatoi mpaka wimbo utengenezwe upya, tena kabla ya siku ya sherehe. Yeye alikwisha kuamua kwamba kosa ni la spika zake. Alitaka kununua spika za studio, ambazo mafundi huziita monita, na si zozote bali zile kubwa za inchi nane. Fedha ipo, aliniambia huku akiangalia chini. Ilikuwa ni zamu ya mkewe kupokea upatu mwezi ule. Fedha ile ilikuwa imekusudiwa kulipia kodi ya nyumba ya miezi sita pamoja na sare za mtoto anayeanza darasa la kwanza. Nami nikatakiwa niende nikaseme na mke.

Nikamjibu kwamba kabla sijasema na mtu yeyote, nitakwenda kukitazama chumba.

Ndugu msomaji, jambo hili si la mpwa wangu peke yake. Zamani mtu hakuwa na haja ya kujua habari za spika za studio. Bendi kama Mlimani Park, iliyoanzishwa mwaka 1978, ilikwenda kurekodi katika studio za Radio Tanzania Dar es Salaam, nyumba iliyojengwa kwa kazi hiyo, wala hapana mtu aliyelala humo. Leo kompyuta moja, maikrofoni moja na kisanduku cha kuingizia sauti vinatosha kufungua studio kwenye chumba ambacho usiku watoto hutandikiwa mkeka. Aghalabu fedha ya vyombo hivyo hutoka katika mfuko ule ule unaonunua unga. Kwa hiyo kosa la kununua spika isiyofaa si kosa la fundi peke yake, ni la nyumba nzima.

Chumba nilikikuta kama vyumba vingi vya kupanga: futi kumi kwa futi kumi, sakafu ya saruji, kuta zilizopakwa rangi ya mafuta, na juu dari ya mbao nyembamba. Meza ya kazi ilikuwa imesukumwa kwenye kona. Spika zake zilikuwa ni sabufa ya kawaida ya sebuleni pamoja na vispika vyake viwili. Sabufa yenyewe ilikuwa imejibana kabisa kwenye pembe. Yeye hukaa ukingoni mwa kitanda, kisogo chake kikikaribia kugusa ukuta wa nyuma.

Nilimwomba apige kwenye kinanda noti za chini, moja moja, kwa nguvu ile ile. Noti mbili za kwanza zilitoka kwa wastani. Alipofika kwenye noti ya A ya chini, ile ya waya wa tatu wa gitaa la besi, chumba kiliitika kama mtungi, na bilauri iliyokuwa mezani ikatetemeka. Noti chache baadaye sauti ikashuka. Nikamwambia asimame katikati ya chumba aipige tena ile A. Akashangaa, kwa maana pale katikati ilikuwa imepungua nguvu kabisa.

Hapo hapana uchawi. Sauti husafiri hewani kiasi cha mita 343 kwa sekunde. Chumba cha futi kumi kina urefu wa mita tatu hivi, na sauti inayotosha kwenda na kurudi baina ya kuta mbili za namna hiyo bila ya kukatika ni ile yenye mitikisiko kama 57 kwa sekunde. Noti ya A ya besi ina mitikisiko 55. Zimekaribiana mno, basi kuta huichukua noti hiyo zikaitukuza kuliko wenzake. Tena chumba kikiwa mraba, urefu na upana huitukuza noti ile ile kwa pamoja, na mambo huzidi. Sauti hiyo hukusanyika kwenye kuta na pembe, na hunyauka katikati. Mpwa wangu alikuwa ameiweka sabufa penye mkusanyiko, na kichwa chake penye mkusanyiko wa pili. Alisikia besi nyingi kupita kiasi, akaipunguza, akaendelea kuipunguza, mpaka wimbo ulipotoka nje ya chumba kile haukuwa na besi hata kidogo.

Sasa fikiri, ndugu msomaji, kama tungemletea spika za inchi nane, ambazo hushuka chini zaidi na kusukuma hewa zaidi. Chumba kingevuma maradufu, naye angeipunguza besi maradufu, na daladala ingepokea kopo tupu zaidi kuliko lile la kwanza. Kodi ya miezi sita ingekuwa imeliwa kwa ajili ya kuzidisha ugonjwa.

Watu wengi hudhani kwamba spika ya studio ni spika tamu kuliko nyingine. Sivyo. Sabufa ya sebuleni imetengenezwa ili imfurahishe msikilizaji: besi imeongezwa, sauti nyembamba zimeng’arishwa, na hata wimbo mbovu hupendeza. Monita imetengenezwa ili ionyeshe kasoro. Kisa kinachojulikana zaidi ni kile cha spika ndogo za Yamaha NS-10, zenye koni nyeupe. Zilitolewa mwaka 1978 kwa ajili ya kusikiliza muziki nyumbani, na wasikilizaji wa nyumbani hawakuzipenda. Walisema zinaumiza masikio. Lakini mafundi wa studio waligundua kwamba sanduku lake lisilo na tundu hufanya sauti ikatike upesi bila ya kuburuta mkia, na kwamba sauti za kati, ambako ndiko anakokaa mwimbaji, hutokeza wazi na aibu zake zote. Zilienea katika studio za dunia nzima, na wengine wakazibandika karatasi laini ya msalani mbele ya twita ili kupunguza ukali. Kiwanda kiliacha kuzitengeneza mwaka 2001, na mwaka 2008 kikapewa tuzo ya Grammy ya ufundi kwa ajili yake. Spika iliyokataliwa sebuleni!

Kwa hiyo jambo la kwanza ni ukubwa. Kwa chumba cha futi kumi kwa kumi, inchi tano zinatosha. Mwenye chumba kidogo zaidi, au mwenye fedha kidogo zaidi, anaweza kuanza na za inchi tatu na nusu, kama PreSonus Eris 3.5, ilimradi ajue kwamba besi ya chini hataisikia humo. Za inchi nane ni za mwenye ukumbi.

Jambo la pili ni kusoma maandishi ya kwenye boksi kwa jicho la karani. Kuna namba inayoonyesha spika inashuka mpaka mitikisiko mingapi kwa sekunde. Tazama mbele ya namba hiyo kama imepimwa kwa kupungua desibeli 3 au desibeli 10. Kupungua kwa desibeli 10 sikio hukusikia kama sauti imebaki nusu, na wenye kuuza hupenda kuiandika namba hiyo kwa sababu inapendeza. Yamaha HS5 ya inchi tano, kwa mfano, huandikwa kuwa inafika 54, lakini hiyo ni kwa desibeli 10. Kwa desibeli 3 inaishia 74. JBL 305P MkII, nayo ya inchi tano, inafika 43 kwa desibeli 10 na 49 kwa desibeli 3. Noti ya chini kabisa ya gitaa la besi lenye waya nne ina mitikisiko 41. Yaani hakuna hata mojawapo itakayokusikilizisha noti hiyo kikamilifu. Hili si kosa, bali ni mpaka wa chombo, na mwenye kuujua mpaka wa chombo chake ataikagua noti hiyo kwa hedifoni.

Habari za wati zisikupumbaze. Wengi wetu tunakumbuka maredio ya zamani yaliyobandikwa karatasi ya wati elfu za “PMPO,” ilhali hayakuweza kuijaza sebule. Yamaha HS5 ina wati 70, JBL niliyoitaja ina 82, na katika chumba kidogo hutafika hata nusu ya nguvu hiyo kabla jirani hajagonga ukuta.

Kati ya hizo mbili ni ipi bora? Mimi naona JBL hutoa besi zaidi na hupendeza kwa mtu anayefanya muziki wa kucheza; HS5 ni kavu, na mwenye kurekodi kwaya, taarabu au waimbaji wengi atashukuru ukavu huo. KRK Rokit 5, zile za koni za manjano, zinapendwa sana na vijana. Mpwa wangu alizitamani kwa macho kabla ya masikio. Kali LP-6, ya inchi sita na nusu, iliyotoka mwaka 2018, ina swichi nyuma za kuirekebisha kufuatana na mahali ilipowekwa, iwe mezani au ukutani, na tundu lake la hewa liko mbele. Hilo ni jambo jema kwa mtu asiyekuwa na nafasi ya kuitenga na ukuta. Hata hivyo, tofauti baina ya spika hizi ni ndogo kuliko tofauti itakayopatikana kwa kuisogeza spika moja hatua moja ndani ya chumba.

Kuna mitego mitatu ya dukani. Wa kwanza: monita nyingi huuzwa moja moja, na bei iliyobandikwa ni ya moja. Eris 3.5 huuzwa kwa jozi, lakini nyingi nilizozitaja sivyo. Mimi mwenyewe niliwahi kutoka katika duka moja nikiwa na boksi mkononi na furaha moyoni, nikalifungua nyumbani nikakuta spika pekee kama mjane. Niliporudi, muuzaji alinicheka. Wa pili: umeme. Kwetu volti ni 230. Chombo kilicholetwa na ndugu kutoka Marekani huenda kimetengenezwa kwa volti 120, na ukikichomeka utasikia mlio mmoja tu, nao ni wa mwisho. Vingine hupokea volti 100 mpaka 240 bila ya tatizo. Soma nyuma, penye tundu la waya, kabla ya kulipa. Wa tatu: spika iliyotumika. Iwashe bila ya muziki usikilize kama inanguruma. Kisha piga kutoka kwenye simu sauti moja inayopanda polepole kutoka chini kwenda juu. Koni iliyopasuka itakohoa yenyewe.

Tukarudi Buguruni. Kabla ya kununua chochote tulikipindua chumba. Kitanda kilihamishiwa ukuta wa pembeni, meza ikatolewa kwenye kona ikawekwa katikati ya ukuta, na kiti kikawekwa mahali ambapo kichwa cha mkaaji kiko umbali wa mita moja na robo hivi kutoka ukuta wa mbele. Hapo si katikati ya chumba, ambako besi hunyauka, wala si ukutani. Spika mbili na kichwa cha msikilizaji zinapasa kufanya pembetatu yenye pande sawa. Kwake ilikuwa pungufu kidogo ya mita moja kila upande. Twita ziwe usawa wa masikio. Spika ikiwekwa juu ya meza, meza nayo huimba. Kwa hiyo tuliazima tofali za saruji kwa fundi aliyekuwa akijenga uani, nane kila upande, tukazipanga mbili mbili kwa safu nne, na juu tukaweka vipande vya mpira wa kandambili kuukuu ili mtikisiko usiteremke. Mke wa mpwa wangu aliuliza kama tofali zile zitamwangukia mtoto. Swali hilo mimi na mumewe hatukuwa tumelifikiria. Tukaziunganisha kwa udongo wa saruji kidogo, na fundi akasema basi sasa ni zake tena hazirudi, mlipie.

Kuta nazo zilihitaji nguo. Ukipiga kofi moja katika chumba kitupu cha saruji utasikia mlio wa kutatarika. Huo ndio unaochafua sauti. Watu hubandika trei za mayai, nami huwasikitikia. Trei za mayai hazizuii sauti isitoke, wala hazinywi besi. Kazi yake kubwa ni kukusanya mende. Kanga iliyotundikwa hunywa sauti nyembamba tu. Kinachofanya kazi ni unene. Tulichukua godoro kuukuu la sufi, ambalo mkewe alikuwa ameliweka kwa ajili ya wageni, tukalisimamisha kwenye kona palipokuwa na sabufa. Blanketi zilikunjwa nene zikatundikwa kwenye kuta za kushoto na kulia. Mahali pa kuzitundikia tulipapata kwa kioo cha kujitazamia: fundi alikaa kitini, mkewe akakitembeza kioo ukutani, na kila mahali fundi alipoiona spika ndani ya kioo ndipo pa kuweka blanketi. Rafu ya vitabu na nguo za mitungi zikapelekwa nyuma. Noti ile ya A haikwisha, kwa sababu mawimbi yake ni marefu kuliko chumba, lakini bilauri haikutetemeka tena.

Bado palikuwa na jirani. Sauti inayopita ukuta haizuiwi kwa blanketi, na katika nyumba ambazo kuta hazifiki kwenye paa haizuiwi kwa lolote. Dawa ni kufanya kazi kwa sauti ya mazungumzo. Hapo kuna jambo la kukumbuka: Fletcher na Munson walionyesha mwaka 1933 kwamba sauti ikiwa ndogo, sikio husikia besi kidogo kuliko ilivyo. Mtu anayefungua redio kubwa leo na ndogo kesho hatapata kamwe kipimo kimoja. Mpwa wangu alichukua rangi ya kucha ya mkewe akatia alama kwenye kitufe cha sauti, na alama hiyo ndiyo mahali pa kazi. Zaidi ya hayo, masikio ndiyo mtaji. Taasisi ya Marekani ya afya kazini, NIOSH, huweka mpaka wa desibeli 85 kwa saa nane, na kila zikiongezeka desibeli 3 muda huo hukatwa nusu. Mtu aliyekwisha kushinda kiwandani kwenye mashine siku nzima, usiku hana akiba kubwa ya masikio iliyobaki.

Wiki iliyofuata alipata jozi ya HS5 zilizotumika kwa mtu aliyekuwa akifunga studio yake, za volti 230, akanunua na nyaya zenye plagi za studio zinazozuia mngurumo wa umeme. Nyuma aliweka swichi ya besi kwenye hatua ya chini, kwa sababu ukuta bado uko karibu. Sabufa hakuitupa. Imerudi sebuleni kwa mama mwenye nyumba mdogo wake, naye huenda huko na wimbo uliokwisha kutengenezwa ili ausikilize kama wanavyousikiliza watu.

Wimbo wa harusi ulitengenezwa upya kwa usiku tatu. Alfajiri ya siku ya nne alipanda daladala ya kwanza, akamwomba dereva ambaye ni jamaa yake aupige. Alinipigia simu akiwa bado ndani ya gari, nami sikusikia alichosema kwa sababu ya besi.

Upatu ulilipia kodi na sare. Spika zilinunuliwa kwa nusu ya pili ya malipo ya harusi pamoja na mkopo mdogo kutoka kwangu, ambao amekwisha kurudisha robo. Na mkewe ananituma niwaambie wasomaji kwamba wageni kutoka Kilosa wanakuja mwezi ujao, na godoro lake la sufi bado limesimama kwenye kona.